BAGAMOYO: BWAGA MOYO, USIBWAGE NA VOCHA

Basi bwana, kama wewe ni mtoto wa mjini na Jumamosi hii huna mpango wowote, nenda Makumbusho, panda gari la Bagamoyo, kaa dirishani. Ni kilomita sabini na kitu tu kutoka Dar. Safari hii sikuletei magofu ya Kaole wala pweza wa pale soko la samaki, hayo umeshayasoma mpaka yamekutoka puani. Nakuletea watu ambao kila siku tunapishana nao mitaa ya kule na hatuwaulizi hata habari ya nyumbani. Wageni wanaoishi.

Sisemi watalii wa siku mbili wenye kofia pana, hao achana nao. Nasema wanaoishi hasa. Kijana wa Kinorwe anayejifunza ngoma pale TaSUBa, chuo ambacho wazee wetu walikijua kama Chuo cha Sanaa. Mwalimu wa Kikenya. Dada wa Kijerumani anayejitolea kufundisha watoto. Mkongo mpiga gitaa ambaye akipata shoo anakula, asipopata anakunywa maji. Ukiwakalisha kijiwe kimoja na kuwauliza ni kitu gani kinawatesa, wote watakujibu wimbo mmoja. Siyo mbu wala joto. Ni simu.

Kuna washkaji watasema, "Mzungu ana mapene, mwache apigwe." Hapo ndipo tunapokosea. Huyo dada anayejitolea anapewa posho ya kula na nauli, basi. Na huyo Mkongo ndiyo kabisa, anaishi kama wewe na mimi. Halafu bei ya kifurushi haina rangi. Ushuru wa bidhaa na VAT vinamkata mgeni vilevile vinavyokukata wewe. Mtandao haujui kama aliyebonyeza alizaliwa Manzese au Oslo. Kinachomfilisi mgeni ni kwamba anatumia simu ya Bagamoyo kwa mazoea ya kwao.

Tena kasheshe hii si ngeni katika mji ule. Desemba 1889 Stanley alipotokeza kutoka bara akiwa na Emin Pasha, Wajerumani waliwaandalia karamu ya nguvu. Usiku uleule Emin akadondoka kutoka dirishani ghorofani, akaumia vibaya. Habari ile ilibidi ivuke bahari kwanza mpaka Unguja, maana waya wa telegramu kutoka Aden ulikuwa umefika kule tangu 1879. Bagamoyo yenyewe ikaunganishwa mwaka uliofuata. Sasa sikia utamu: telegramu ililipiwa kwa neno. Wafanyabiashara wa enzi zile hawakuwa wajinga, walikuwa na vitabu vya mafumbo ambamo neno moja lilibeba sentensi nzima. Unatuma neno moja, mwenzako anafungua kitabu, anasoma bei ya pembe na siku meli itakapofika. Kubana matumizi hakukuanza na sisi wa kubipu.

Turudi garini. Ukiwa bado Mbezi Beach au Tegeta, mgeni mwenye nyumba ya maana anaweza kuvutiwa faiba ukutani akasahau habari ya vocha. Ukishavuka Bunju ukaingia Mapinga, umeuacha mkoa wa Dar, uko Pwani. Kutoka hapo, Kerege, Zinga, Kiromo mpaka mjini, wengi wanaishi kwa mnara. Na mnara una visa vyake. Mtandao unaotesa barabarani unaweza kuzimika ukiingia ndani kuelekea Mlingotini, na ule unaodharauliwa mjini ukakamata vizuri chini ya mwembe wa huko. Kwa hiyo mgeni asinunue laini kwa kuvutiwa na bango. Amuulize mama muuza genge wa mtaa atakaoishi: "Shikamoo mama, hapa unashika mtandao gani?" Mama huyo anajua kuliko tangazo lolote.

Laini yenyewe asajili kwa jina lake, kwa pasipoti yake na vidole vyake. Hapa nakugeukia wewe mwenyeji mwenye huruma nyingi. Usimsajilie mgeni laini kwa kitambulisho chako cha NIDA eti kumrahisishia. Akipoteza simu, ikaokotwa na tapeli, namba ni yako. Bonyeza *106# uone ni laini ngapi ziko kwa jina lako, unaweza ukashtuka.

Laini ya kwao asiitupe. Aiweke nafasi ya pili, data ya ng'ambo aizime kabisa, ibaki kupokea ujumbe wa benki tu. Ni bora aulize kwao kabla hajaondoka, lakini kwa kawaida kupokea ujumbe hakukati kitu. Kinachokata ni ile simu ya kwao inayojiunganisha yenyewe na mnara wa kwetu usiku umelala. Mwalimu wetu wa Kikenya hili lilimshangaza sana, alidhani Afrika Mashariki ni moja. Mpango wa kupunguza gharama za kupigiana simu ukiwa nchi jirani ulianza mwishoni mwa 2014 na Kenya, Uganda na Rwanda. Sisi hatukuwamo katika kuanza huko.

Sasa vifurushi. Huku kwetu anayeongea bila kifurushi anachoma noti. Mgeni anaweka vocha ya msimbazi mzima, anaanza kuperuzi moja kwa moja, nusu saa hana kitu, anasema Tanzania ghali. Mfundishe menyu. Voda ni *149*01#, Airtel *149*99#, Halotel *148*66#, na ile iliyokuwa Tigo, tangu Novemba 2024 ikaitwa Yas, ni *147*00#. Apige hesabu ya mwezi, si ya leo. Kifurushi cha buku moja kila siku kinaonekana kidogo, lakini mwezi umekula 30,000. Alinganishe na cha mwezi kabla hajabonyeza. Ila kama ni mtu wa kwenda Dar kila Ijumaa kulala kwa rafiki mwenye faiba, basi cha siku au cha wiki kinamtosha. Hakuna dawa moja ya wote.

Zamani ulilazimika kuwa na laini nne mfukoni kwa sababu kupiga mtandao mwingine ilikuwa adhabu. Mambo yamebadilika. Ile tozo ambayo kampuni hulipana simu inapovuka kwenda mtandao mwingine ilishushwa mwaka hadi mwaka, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 mpaka shilingi 2 mwaka 2022. Ndiyo maana leo unaona dakika za mitandao yote zimejaa. Na tangu Machi 2017 unaweza kuhama kampuni na namba yako ileile. Kwa mgeni, laini mbili zinatosha, moja ya intaneti inayokamata nyumbani kwake, nyingine ya akiba.

Kuna na haki zake ambazo hata wewe pengine huzijui. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotoka nchi nzima ilipiga kelele, serikali ikazisitisha. Lakini kanuni zilizokuja wakati uleule zilibaki. Kampuni ikutumie ujumbe kifurushi kinapofika asilimia 75 na kinapokwisha. Ukinunua kilekile kabla muda haujaisha, salio lako linaendelea nawe. Unaweza pia kumhamishia mwenzako wa mtandao huohuo. Wale wanaopanga nyumba moja watatu pale Mji Mkongwe, hilo ni lao.

Lakini mwizi mkubwa hayumo kwenye menyu, yumo kwenye kompyuta ya mgeni. Akiiwasha kwa intaneti ya simu, yenyewe inadhani iko kwao Ulaya. Inashusha masasisho, inapandisha picha zote za ufukweni, na usiku anatazama filamu kwa picha kali ambayo kwa saa moja tu inaweza kumeza GB 3. Asubuhi analaumu mtandao. Aiambie kompyuta kwamba intaneti hiyo ni ya kupimwa, azime kuhifadhi picha hewani, na kwenye WhatsApp azime kushusha video zenyewe. Kazi nzito aifanye kwenye hoteli ya pwani yenye waya-fai. Anunue soda na chipsi lakini, siyo kukaa saa sita na glasi ya maji. Wahudumu wanamjua kila mtu wa aina hiyo.

Nimemwacha Mkongo wa watu mwisho kwa sababu yeye ndiye mwenye mtihani mgumu. Mnorwe anaongea na mama yake kwa video kila jioni kwa kifurushi cha intaneti, basi, hana presha. Mkongo kwao ni Bukavu. "Mama yangu iko na kasimu kadogo tu," ananiambia. Kiswaswadu, hakina WhatsApp. Kumpigia moja kwa moja nchi ya nje ni bei nyingine kabisa, na kwa muda mrefu mapato yake ya gitaa yalikuwa yanaishia huko. Baadaye akapata ujanja. Mpwa wake ana simu ya maana. Jumapili saa kumi za kule mpwa anakwenda nyumbani kwa bibi, mama anakaa, simu inawekwa mezani, wanaongea mpaka wachoke. Gharama ni MB chache na nauli ya mpwa. Mama hajui WhatsApp ni nini mpaka leo, anajua tu kwamba Jumapili mtoto wake anaongea.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya chini ya bahari, Seacom na EASSy, ilipata hitilafu, intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Bagamoyo wageni walitembea ufukweni wameinua simu juu kama wanaomba mvua. Mkongo naye alikuwa amekosa mkongo. Lakini kwenye laini yake ya pili huwa na akiba ya vocha ambayo haiguswi hata akilala njaa. Akapiga kasimu kadogo ka mama moja kwa moja. Waliongea dakika tatu, na mbili kati ya hizo mama alikuwa anauliza kwa nini mpwa hajaja kula.