i7 ya Mwaka Gani?

Ukiingia Luthuli Avenue, Nairobi, useme unatafuta kompyuta ya mezani, ni wachache watakaokuuliza ni ya kufanyia nini. Utaulizwa uko na ngapi. Ukishataja pesa, kijana ataenda nyuma ya duka arudi na kasha jeusi lililopanguswa vumbi upande mmoja tu, ule upande wenye stika. Stika ndiyo inauzwa. i3 ni ya mtu anayeanza maisha, i5 ni ya mtu wa kazi, i7 ni ya mtu amejipanga. Wengi wetu tulifundishwa kusoma hizo mashine hivyo, na kama pesa ni zako, basi ni shida zako.

Zile nilizotumwa nazo Februari 2025 hazikuwa zangu. Zilikuwa shilingi 38,000, pesa za ndengu. Mwaitu, mama yetu, analima upande wa Kitui, na msimu huo mvua ilikuwa imekubali. Pesa alikuwa ameziwekea tangi la maji. Aliyekulia Ukambani hahitaji kuelezwa tangi ni nini: mvua ya Novemba ikikupata huna kitu cha kuikinga, utarudi kwenye mto mkavu na punda, uchimbe mchanga, ungoje maji yajikusanye kwenye shimo, uchote kikombe kwa kikombe.

Lakini dada yangu ana saiba Wote, ng'ambo ile ya Athi, kule Makueni, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na printa moja. Ile kompyuta ya maana ilikuwa imekufa Januari. Iliyobaki ilikuwa inachukua dakika saba kuwaka, na ukiifungulia kurasa tatu za intaneti inaganda kama ugali wa jana. Mwaitu akaamua mwenyewe, hakuombwa: pesa ziende Wote kwanza, zirudi kabla ya mvua. Na kwa sababu mimi ndiye nilisomea hivi vitu, kuchagua kukaniangukia.

"Mwana wakwa," aliniambia kwa simu, "hiyo si pesa ya kujaribu."

Kitu cha kwanza nilifanya ni kumwomba dada aandike. Wiki moja nzima, kila mteja akiingia, aandike kwenye kauntabuku amekuja kufanya nini. Alilalamika, halafu akaandika. Nilipopitia zile kurasa alizonipigia picha niliona vile nilivyoshuku: KRA, eCitizen, HELB, mambo ya TSC, kuchapisha barua, kuskani kitambulisho, kuchapa CV, picha za pasipoti. Hakuna mtu alikuja kuhariri filamu. Jioni vijana wawili waliuliza kama kuna FIFA wakaambiwa hakuna.

Kazi kama hiyo haihitaji prosesa ya kutisha. Inahitaji mashine inayowaka haraka, inayovumilia kurasa kumi na tano zilizofunguliwa kwa pamoja huku mteja wa pili akisema yeye ana haraka. Kinacholeta tofauti hapo ni SSD badala ya ile diski ya zamani ya kuzunguka, na RAM isiyopungua GB 8. Mtu mwenye prosesa ya kawaida na SSD atamaliza kuchapisha barua yake kabla mwenye i7 na diski ya kuzunguka hajaona dirisha la kwanza. Hii ningependa iandikwe kwenye kila mlango wa Luthuli, lakini nani ataandika?

Halafu ndiyo kuna hiyo i7 yenyewe. Jina peke yake halikuambii kitu. Kinachokuambia ni namba inayofuata. Intel ilianza kuuza Core i7-2600 Januari 2011. Ile 2 ya mbele ni kizazi, cha pili. Core i5-8500 ni ya 2018, kizazi cha nane. Zikiwa na tarakimu tano, kama i3-10100, mbili za mbele ndizo kizazi, hapo cha kumi. Zikiwa tatu tu, kama i7-870, hicho ni kizazi cha kwanza kabisa na unafaa kurudisha pesa mfukoni ukitabasamu. Na vizazi vinapitana kwa njia ambayo stika haiwezi kukueleza: kwa miaka mingi i5 ya mezani ilikuwa na viini vinne, yaani kama watu wanne wa kazi ndani ya prosesa moja. Kizazi cha nane kilipokuja, i3-8100 ikapewa hivyo viini vinne na i5 ikapanda hadi sita. Kwa hivyo i3 ya juzi imekaa pale i5 ya jana ilikuwa imekaa, na kiini kwa kiini inaishinda i7 ya 2011, huku ikila umeme kidogo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kung'ang'ania kizazi cha nane, nayo haihusu kasi. Microsoft ilikuwa imeshatangaza kwamba Windows 10 itaacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana. Ndiyo, fundi anaweza kuilazimisha kwenye mashine ya zamani, na itafanya kazi. Lakini dada anashika nywila za KRA za watu wa Wote nusu. Kompyuta ambayo mlango wake wa nyuma haufungwi tena si kitu cha kuweka hapo. Kumbuka pia hesabu ya mwaitu: pesa zirudi kabla ya mvua. Mashine ambayo ingezeeka Oktoba ingezeeka mwezi uleule tangi linapohitajika.

Nikaenda Nairobi siku ya Jumatano. Duka sitalitaja. Mwenye kuuza alikuwa mchangamfu, anaita kila mtu boss, hata yule mtoto aliyeletwa na babake.

"Boss, hii ni i7, RAM nane, eks-UK, haijaguswa. Elfu ishirini na mbili, nakuongezea kibodi."

"Ni i7 ya kizazi gani?"

"i7 ni i7, boss. Hii hata Safaricom wanatumia."

Nikamwomba aiwashe. Hakukataa, na hapo lazima nimpe haki yake. Ilipowaka, nikabonyeza kitufe cha Windows na R, nikaandika msinfo32. Kasha lilisema i7. Ndani kulikuwa na i5-2400. Alitazama skrini, akanitazama, akacheka kama mtu ambaye pia yeye ameshangaa, akasema labda stika ilitoka kwenye kasha lingine wakati wa kuosha. Inawezekana. Nilimshukuru nikaondoka. Stika inaweza kubanduliwa na kubandikwa kwa dakika moja, lakini mashine ikiulizwa inajitaja. Kama unanunua eks-UK, usilipe kabla ya hilo swali. Na wakati bado imewaka, izime uingie kwenye BIOS, uone kama inaomba nywila, maana hizi zilikuwa za maofisi huko ng'ambo na kuna zinazokuja bado zimefungwa kufuli na mtu wa Manchester asiyejua kama upo.

Jioni nilikuwa nimebaki na mbili. Ya kwanza ilikuwa kasha la kawaida, Dell, i5-8500, GB 8, SSD ya 256. Ya pili ilikuwa zile ndogo, HP EliteDesk 800 G4 Mini, RAM na SSD zilezile, lakini prosesa yake i5-8500T. Bei zilipishana kwa shilingi mia tano tu. Hiyo T ya mwisho maana yake ni kwamba prosesa imebanwa itumie wati 35 badala ya 65. Viini ni vilevile sita, lakini inaanzia mwendo wa chini: 2.1 GHz dhidi ya 3.0.

Mimi nilitaka kubwa. Pesa ni ileile karibu, kasi zaidi, na siku moja ukitaka kuongeza diski au kadi kuna nafasi. Nikampigia dada nikamweleza hayo yote, nikiwa nimesimama nje ya duka na matatu zinanipigia honi.

"Brathe," akasema, "hiyo ndogo inaingia kwenye bagi?"

"Inaingia. Upana wake sentimita kumi na nane hivi. Kilo moja na kitu."

"Basi ni hiyo."

Nilijaribu kumrudisha kwenye mambo ya GHz. Akaninyamazia kidogo, kisha akaniambia kitu ambacho hakuwa ameniambia Januari. Kinyozi wa mlango wa pili alivunjiwa usiku. Walibeba redio, mashine za kunyolea na kioo. Kioo! Tangu siku hiyo yeye alikuwa akifunga saiba na kulala macho wazi. "Mimi sitafuti kasi, siz wako anatafuta kitu anaweza kwenda nacho nyumbani," akasema, na aliposema nyumbani nikajua mjadala umeisha.

Nikiifikiria baadaye, ile ndogo ilikuwa na hoja nyingine ambazo yeye hakuzihitaji. Makasha ya ofisi ya Dell na HP mara nyingi yana pawa saplai yenye umbo na plagi zao wenyewe. Stima ikirudi kwa hasira ikaiunguza, huwezi kununua ile ya kawaida dukani ukaichomeka. Utaagiza Nairobi na kungoja. Mini inatumia adapta ya nje kama ya laptopu, na adapta ya HP hata Wote hukosi. Ubaya wake pia upo. Tundu zake za hewa ni ndogo na vumbi la Makueni halina adabu, kwa hivyo tulikubaliana kila Jumapili itapigwa brashi ya rangi, mpya, isiyowahi kuguswa na rangi. RAM yake ni ya aina ya laptopu. Na haikuwa na tundu la HDMI wala VGA, ni DisplayPort mbili tu, wakati skrini ya dada iliyosalia ni ya VGA. Waya wa kuziunganisha ukala 900. Kila bajeti ya kompyuta ina waya kama huo, haumo kwenye hesabu na bila huo unatazama ukuta.

Mashine ilisimama 26,500 baada ya kuvutana. UPS, 6,500. Waya, 900. Nauli na parseli, 1,100. Jumla 35,000. Zile 3,000 zilizobaki nilimrudishia mwaitu kwa M-Pesa usiku huohuo, na akanipigia kuuliza kama nimekosea kutuma.

UPS ndiyo kitu ambacho watu huacha kununua ili waongeze pesa wapate stika ya juu. Mimi ningeshusha kizazi kimoja kuliko kuiacha, isipokuwa hapa tulibahatika hatukuhitaji kuchagua. Kwa wati chache za ile Mini na skrini moja, inampa dada karibu dakika arobaini stima ikipotea. Printa ya leza haiunganishwi hapo, inavuta umeme mwingi mara moja na itaiangusha, hiyo ingoje. Lakini fomu iliyofika ukurasa wa mwisho haipotei.

Wiki ya mwisho ya Juni nilimtembelea. Kutoka Kitui mimi huzungukia Machakos, nikafika saa kumi jioni nikakuta foleni imetoka nje hadi kwa kinyozi, maana tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani na Wakenya tunaipenda siku ya mwisho. Stima ilipotea mara mbili. Mara ya kwanza wazee wakaanza kusimama wakidhani kazi imeisha, dada akawaambia kaeni, na akaendelea kuchapa kwenye mwanga wa skrini. Tulifunga saa tano na nusu usiku. Akachomoa waya tatu, akaifunga Mini kwa leso, akaitia kwenye bagi, juu ya nyanya.

Mwaitu aliiona kwa mara ya kwanza Agosti, alipokuja Wote kwa harusi. Alitarajia kitu kikubwa. Aliigeuza mkononi, akaangalia chini kama mtu anayekagua sufuria.

"Na hii ndiyo ilikula tangi?"

"Inalitapika polepole," dada akamwambia.

"Wameandika tano hapa. Tano ya nini?"

Dada akanitazama mimi. Nikamwambia mwaitu hiyo tano isimsumbue, ile nane inayofuata ndiyo tulinunua. Hakuonekana kuridhika. Akauliza kama ya saba ingekuwa pesa ngapi zaidi.

Dada amekuwa akimtumia 4,000 kila mwezi tangu Machi. Sasa ni mwanzo wa Oktoba, zimerudi 28,000, zimebaki 7,000. Mwaitu ameshapita kwa mwenye duka la matangi mjini Kitui, akamwonyesha kwa kidole lile la lita 2,300, jeusi, la pili kutoka mlangoni, na kumwambia asiliuze.