Mume na Mke Safarini: Usambara, Ujiji na Bagamoyo



Katika nyumba nyingi za Tudor na za Mji wa Kale, mume na mke husafiri pamoja kwa mojawapo ya mambo mawili: ibada au dharura. Ama wanakwenda Hija na Umra, ama wanakwenda kumtazama mgonjwa au kuhudhuria mazishi. Safari ya tatu, ya kuiona ardhi ya Mwenyezi Mungu na kustarehe pamoja kwa halali, huonekana ni mambo ya watalii wanaoingia Ngomeni na kamera shingoni. Ilhali Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akisafiri na wakeze, akipiga kura baina yao kujua ni yupi atakayefuatana naye. Alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) wakiwa safarini. Na katika safari moja msafara mzima ulisimamishwa, mahali pasipo maji, kutafuta mkufu wa Bibi Aisha uliopotea. Na ni katika tukio hilo iliposhuka ruhusa ya kutayamamu. Umma mzima ukapata wepesi kwa sababu ya mkufu wa mwanamke mmoja.

Mimi na mke wangu tuliitia nia safari yetu tangu watoto wakiwa wadogo. Ada za skuli, maradhi ya wazazi na harusi za mabinti vilitangulia, kama ilivyo haki yake. Alipoolewa binti wa mwisho, nilimwuliza mwenzangu anataka kwenda wapi. Akajibu: “Nataka kuona mlima wenye baridi, ziwa lisiloonekana mwisho, na mji wa kale usiokuwa huu wetu.” Kwa maneno hayo matatu tukapanga njia: milima ya Usambara, Ziwa Tanganyika, na mji wa Bagamoyo.

Tulivuka mpaka wa Lunga Lunga tukafika Tanga, kisha tukapita Muheza na Korogwe hadi Mombo, ambapo barabara huiacha nchi tambarare na kuanza kupanda kwa mizunguko hadi Lushoto. Wajerumani walipoitawala nchi hiyo waliuita mji huo Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na walipapenda kwa sababu ya baridi yake. Huko mashamba ya kabichi na karoti yamepangwa kwenye miteremko kama misala, na sokoni huuzwa mapeasi. Mke wangu alivaa sweta chini ya buibui kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alfajiri maji ya udhu yaliuma vidole, tukakumbushana kwamba kutimiza udhu wakati wa tabu ni katika mambo yanayofuta madhambi. Kulipokucha tulisimama penye majabali ya Irente, ambapo mlima hukatika ghafla na nchi kavu ikaonekana chini hadi upeo wa macho. Tulikaa kimya muda mrefu. Watu walioishi pamoja miaka thelathini na zaidi hawana haja ya kujaza kila kimya kwa maneno.

Kutoka milimani tuliteremka hadi Dar es Salaam, tukapanda treni ya reli ya kati kwenda Kigoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo mwaka 1905. Ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Dada zetu wajue kwamba katika mabehewa ya kulala ya daraja la pili wanaume na wanawake huwekwa vyumba mbalimbali. Mke wangu alilala na akina mama watano asiowajua. Tulipofika Tabora walikwisha kuwa ndugu, wakigawana chapati na kuhadithiana habari za wajukuu. Swala tulizifupisha na kuzikusanya kama sharia inavyomruhusu msafiri.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, na kina chake hupita mita 1,400. Duniani hakuna ziwa linalolizidi kwa kina ila Baikal la Urusi. Nchi nne hukutana katika maji yake: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mke wangu, aliyezaliwa akisikia harufu ya bahari, aliteka maji kwa kiganja akayaonja, akacheka: “Bahari isiyo na chumvi!” Kisha akaikumbuka Suratul-Furqan, aya ya 53, inayotaja maji mawili, haya matamu na yale ya chumvi kali. Aya hiyo aliisoma tangu utotoni. Siku hiyo aliionja.

Karibu na Kigoma ndipo ulipo mji wa Ujiji. Watalii hupelekwa mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Lakini kabla ya wawili hao, Ujiji ulikuwa mji wa wafanyabiashara waliotoka pwani kama sisi. Walikuja na kanzu, lugha na Qur'ani. Na hadi leo ukitoa salamu katika mitaa ile hujihisi mgeni. Walikuja vile vile na bunduki na minyororo. Watu walikamatwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, wakavushwa kwa majahazi, kisha wakatembezwa kwa miguu mwendo wa miezi hadi pwani. Njia ile ile iliyopitisha shahada ilipitisha pia dhuluma.

Mke wangu aliyatazama maji, akaniuliza: “Bwana, wale waliopitishwa hapa, watoto wao wako wapi?”

Sikumjibu papo hapo. Jibu tulilikuta Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara. Mji huo una nyumba za mawe na milango ya nakshi inayofanana na ya Mji wa Kale wetu, na karibu yake yako magofu ya Kaole, yenye misikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita. Humo aliishi Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, akachukuliwa utumwani angali mtoto, akafikishwa Bagamoyo. Alisoma hadi akawa mwanachuoni, akawa khalifa wa tarika ya Kadiriya, na waungwana wa mji wakakaa mbele yake kusomeshwa dini. Mwaka 1916 Waingereza walimfanya liwali wa Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931.

Mke wangu alisema polepole: “Basi watoto wao tunao. Wengine ndio masheikh zetu.”

Maneno hayo ndiyo zawadi niliyorudi nayo, ndugu msomaji, nami nayaleta kwenu kwa sababu jambo hili ni la nyumbani. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Ng'ambo tu ya maji ya kisiwa chetu iko Frere Town, iliyoanzishwa mwaka 1875 kuwapa makao watumwa waliokombolewa. Hata hivyo, zaidi ya miaka mia baadaye, kijana mwenye dini na tabia njema bado huweza kurudishwa posa yake, na sababu ikanong'onwa jikoni: babu yake hakuwa mwungwana. Wanaonong'ona hivyo husahau kwamba Mtume (S.A.W.) alimwozesha Zayd bin Haritha, aliyekuwa mtumwa, kwa Zaynab binti Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe. Nasaba ina mahali pake katika vitabu vya fikihi, lakini dharau haina mahali popote. Tangu turudi, habari za Sheikh Ramiya tumezisimulia kwa wajukuu wetu pamoja na habari za ziwa na mlima, ili siku ya posa ikifika wawe wamekwisha kujua.

Enyi waume, msingoje maradhi ndiyo yawatoe nyumbani pamoja na wake zenu. Si lazima kufika Ujiji. Asiye na nauli ya Tanganyika aanze na Vanga, au Gedi, au Lamu. Mwulize mwenzako anataka kuona nini, kisha sikiliza anachokiona, kwani macho yake huweza kuona usichokiona. Nanyi akina mama, itieni nia na muwekeni akiba japo kidogo. Suratul-Ankabut, aya ya 20, inatutaka tutembee katika ardhi na kutazama jinsi Mola alivyoanzisha uumbaji, na amri hiyo haikuwahusu wanaume peke yao.

Mwenyezi Mungu atupe safari za kheri na atusafishe nyoyo na kibri. Amin.