Umetumwa na nani?

Ukijitolea kufanya jambo la umma hapa Kenya, swali la kwanza huwa ni hili: umetumwa na nani? Leo tulitazame, maana demokrasia yetu imebebwa sana na watu walioulizwa hivyo.

Tuanze nyumbani Nyeri. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Akina mama wa vijijini walikuza miche na kulipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika. Kufikia 2004, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, miti ilikuwa imepita milioni 30. Lakini miti ilikuwa nusu tu ya kazi. Katika semina zao wanavijiji waliorodhesha matatizo yao na kutafuta chanzo. Na mtu aliyezoea kuuliza kwa nini mto umekauka, hachelewi kuuliza ni nani aliyegawa msitu. Mwaka 1989 Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, Nairobi, wabunge walimshambulia bungeni na shirika lake likaondolewa katika ofisi za serikali. Lakini jengo halikujengwa.

Sisi watu wa kompyuta nasi tuna mfano wetu. Tovuti ya Bunge ilifungwa baada ya wabunge kulalamika kwamba wasifu wao umewekwa hadharani. Ory Okolloh na Conrad Akunga wakajitolea kuanzisha Mzalendo mwaka 2005, ili mwananchi ajue mbunge wake anafanya nini. Hawakungoja kutumwa.

Mimi swali hilo lilinikuta katika mradi wa maji wa kijijini kwetu. Nilijitolea kuandika programu ndogo: mwanachama akilipa anapata SMS ya risiti, na jumla ya kila mwezi inabandikwa ukutani. Kazi ya wikendi mbili tu. Mkutanoni mzee mmoja wa kamati akaniuliza, "Kijana, umetumwa na nani?"

Nikamjibu, "Mzee, hakuna aliyenituma. Hata kwetu tunatumia mfereji wa mradi huu."

Mara mama mmoja akasimama nyuma: "Basi tuambiwe, mwezi uliopita tulikusanya pesa ngapi?" Mkutano mzima ukanyamaza.

Nadhani demokrasia ilikuwa pale, katika swali la yule mama. Programu yangu iliondoa kisingizio tu, ile hadithi ya kila siku kwamba vitabu viko kwa mweka hazina na mweka hazina amesafiri.

Hata hivyo, swali la mzee si baya. Mashirika yasiyo ya kiserikali nayo yaulizwe: pesa zinatoka wapi, na viongozi walichaguliwa lini? Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa 2013, ikaanza kutumika Mei 2024, miaka 11 baadaye. Shirika linalodai uwazi kwa serikali huku likificha hesabu zake linatufundisha kuficha.

Kwa hiyo usingoje uchaguzi mkuu. Anza na chama chako, kanisa lako, mradi wenu wa maji. Hesabu ziwekwe mahali kila mtu atazisoma. Na wakikuuliza umetumwa na nani, usikasirike. Wafungulie daftari wajisomee.