Hasara Ikija, Nani Anaibeba?

Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, somo la sheria ya makampuni lilianza na fundi viatu wa London. Mwaka 1892 Aron Salomon, aliyekuwa akitengeneza viatu vya ngozi Whitechapel, aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Sheria ilitaka wanachama saba, naye aliwapata nyumbani kwake: yeye, mkewe na watoto wao watano. Mke na watoto walichukua hisa moja moja. Salomon alibaki na hisa 20,001, pamoja na hati za deni za pauni 10,000 zilizoshikilia mali za kampuni kama dhamana. Haukupita muda mrefu kampuni ikafilisika. Mfilisi alidai kwamba kampuni ile ilikuwa Salomon huyo huyo kwa jina jingine, kwa hiyo madeni ayalipe yeye. Mahakama mbili zikakubali. Novemba 1896 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likatengua hukumu zote mbili: kampuni ni mtu, Salomon ni mtu mwingine, na deni la mmoja haliwi deni la mwenziwe. Wadai wasiokuwa na dhamana waliondoka mikono mitupu.

Tuliisoma kesi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 katika nakala zilizokuwa zikirithishwa darasa kwa darasa, zimepigwa mistari na watu tusiowajua. Sheria iliyotumika bado ilikuwa ile ya wakoloni ya mwaka 1932, Sura ya 212. Wenzetu wa Nairobi na Makerere walikuwa na zao, na zote zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Tulipokutana kwenye mashindano ya kuendesha kesi za kubuni, tulinukuu majaji wale wale na kubishana juu ya vifungu vinavyofanana. Hapakuwa na aliyeuliza kama mambo yangeweza kupangwa vingine. Kampuni inakinga mwenye hisa, wadai wajiangalie: hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na sisi tulijiandaa kuitumikia.

Nilikwenda Ujerumani kwa masomo ya uzamili nikiwa na sheria hiyo kichwani. Huko kampuni kubwa ya hisa ina ngazi mbili juu: bodi inayoendesha, na juu yake baraza la usimamizi linaloteua na kuwaondoa wanaoendesha. Hilo nilikwisha kulisoma vitabuni. Lililonishika ni ukurasa mmoja wa ripoti ya mwaka ya kampuni ya viwanda, uliokuwa na orodha ya wajumbe wa baraza hilo. Palikuwa na mkuu wa benki, profesa, mwenyekiti wa zamani wa kampuni nyingine. Katikati yao kulikuwa na majina yenye alama ya nyota, na maelezo chini ya ukurasa yalisema hao ni wawakilishi wa wafanyakazi. Nikazihesabu nyota. Zilikuwa nusu ya majina yote. Sheria ya mwaka 1976 inaamuru hivyo kwa kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000. Kura zikilingana, mwenyekiti anayetoka upande wa wanahisa ana kura ya ziada, kwa hiyo mtaji haujanyang'anywa neno la mwisho. Hata hivyo mtu wa karakana anakaa pale meneja mkuu anapoteuliwa, na anaziona hesabu kabla hazijachapishwa.

Nilimweleza baba jambo hilo nilipokuja likizo. Yeye alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo cha serikali, na alikuwa mjumbe wa baraza la wafanyakazi lililoundwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sisi pia walituonyesha hesabu, mama. Tulishauri. Kuamua kulikuwa kwa menejimenti." Kwa sentensi hizo alikuwa ameeleza tofauti ya mifumo miwili vizuri kuliko sura nzima ya kitabu nilichokuwa nacho mkobani. Tulizungumza hadi usiku: Mwongozo wa TANU wa 1971 ulivyowapa wafanyakazi ujasiri wa kuhoji viongozi, migomo iliyofuata, na jinsi swali la nani asikilizwe ndani ya kampuni lilivyokuwa moto Dar es Salaam kabla Bunge la Ujerumani halijapitisha sheria yake ya 1976. Darasani Mlimani historia hiyo niliisoma katika somo la siasa na maendeleo. Katika sheria ya makampuni haikutajwa, ingawa hapo ndipo ilipokuwa na kazi.

Mlango mwingine ulifunguliwa na mwanafunzi mwenzangu kutoka Muscat, ambaye bibi yake alizaliwa Unguja na aliyezungumza Kiswahili cha nyumbani kizuri kabisa. Siku moja tulikuwa tunasoma kesi ya Salomon katika semina, naye akasema kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, jambo lile lingekuwa gumu. Akanichorea mudharaba kwenye karatasi. Mwenye mtaji anatoa fedha. Mwenziwe anatoa kazi. Faida wanagawana kwa mafungu waliyokubaliana. Hasara ikitokea bila uzembe, mwenye mtaji anapoteza mtaji wake na mfanyakazi anapoteza jasho lake. Mwenye mtaji hafuatwi zaidi ya alichotoa. Lakini kinga hiyo ina masharti yake: wanazuoni wengi wanasema akishurutisha kwamba na yeye aendeshe biashara, mkataba unaharibika. Wafaransa nao wana ushirika wa namna hiyo, ambamo mwenye mtaji anakingwa maadamu anakaa pembeni. Akiingiza mkono katika uendeshaji, anaweza kubebeshwa madeni.

Tangu siku hiyo niliisoma kesi ya Salomon kwa jicho jingine. Ukomo wa dhima ulikuwapo ulimwenguni karne nyingi kabla yake, pwani ya Uarabuni na katika bandari za Italia. Kwa kawaida alikingwa aliyetoa fedha na kukaa kando. Salomon aliendesha kila kitu kwa mkono wake, akakingwa, na juu ya hayo akawekwa mbele ya wadai wengine. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wa nchi fulani, katika karne fulani, waliotaka wafanyabiashara wathubutu kuliko walivyotaka wadai walindwe. Inawezekana walikuwa na haki. Ila ulikuwa uchaguzi, na palipo na uchaguzi pana mtu anayelipa gharama yake. Nikaacha kulinganisha sheria kwa majina ya vyombo vyake, bodi hapa na baraza kule. Nikaanza kila nchi na swali moja: hasara ikija, nani anaibeba, na je, alipewa nafasi ya kuiona ikija?

Swali hilo lilinifaa zaidi karibu na nyumbani. Niliporudi nilifanya kazi na wafanyabiashara wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wakati sheria ya Kongo ilipokuwa ikibadilika kutoka mizizi. Kongo ilikuwa bado inatumia amri ya mwaka 1887, enzi za Mfalme Leopold, na kampuni kubwa ya hisa haikuweza kuzaliwa bila idhini ya mkuu wa nchi. Septemba 2012 ikaingia OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika ulioanzishwa kwa mkataba wa Port Louis wa 1993, wenye sheria moja ya makampuni na mahakama yake Abidjan. Kampuni zilizokuwapo zilipewa miaka miwili kurekebisha katiba zao.

Katika kipindi hicho alikuja ofisini mzee mmoja wa Kigoma, mfanyabiashara wa saruji na unga, aliyetaka kuingia ubia na kampuni ndogo ya Kalemie. Mkononi alikuwa na rasimu ya katiba ya kampuni kwa Kifaransa, imekunjwa mara nne. Hakuuliza mtaji wala kodi.

"Mwanangu," alisema, "kule mambo yakiharibika, watakuja kuchukua nyumba yangu ya Mwanga?"

"Ukibaki mwanahisa tu, mzee wangu, hawaji. Wanakuandika nani humu?"

Akaniwekea kidole kwenye ukurasa wa tatu. Walikuwa wamemwandika meneja.

Hapo tukaisoma sheria ile pamoja, kifungu kwa kifungu. Chini ya OHADA, mali ya kampuni baada ya kutoa madeni ikishuka chini ya nusu ya mtaji, meneja ana miezi minne tangu hesabu hizo zipitishwe kuwauliza wanahisa: tufunge au tuendelee? Uamuzi wao unatangazwa. Wakiendelea, lazima wairudishe mali hiyo angalau hadi nusu ya mtaji ndani ya miaka miwili. Wakishindwa, yeyote mwenye maslahi anaweza kuiomba mahakama iivunje kampuni. Na kampuni ikifilisika kwa uendeshaji mbovu, meneja anaweza kuamriwa kuziba pengo la madeni kwa mali yake. Sheria niliyoisoma Mlimani haikuwa na kengele kama hiyo kwa kampuni binafsi. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema sheria hiyo ni kali lakini inamwambia mtu mapema. Akaingia ubia kama mwanahisa, na umeneja akamwachia mshirika wake wa Kalemie.

Sheria za kwetu nazo hazikukaa kimya. Tanzania Bara ilianza kutumia Sheria ya Makampuni ya 2002 mwaka 2006. Zanzibar, yenye sajili yake, ilitunga yake 2013. Kenya ilipitisha 2015 sheria yenye vifungu 1,026, inayomruhusu mtu mmoja kuwa na kampuni peke yake, bila kutafuta majina ya kujazia. Rwanda, iliyorithi mapokeo ya Ubelgiji, ilitunga mwaka 2009 sheria ya makampuni iliyochota mengi upande wa Kiingereza. Tangu 2020 kampuni za Tanzania zinatakiwa kuwataja wamiliki manufaa, yaani watu wa damu na nyama walio nyuma ya hisa. Pazia aliloshona Salomon halijaondolewa, ila sasa msajili anaruhusiwa kuchungulia nyuma yake.

Mwaka 2022 Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya unazitaka nchi wanachama zioanishe sheria zao zinazohusu Jumuiya. Kwa Kongo hilo si jambo la bunge la Kinshasa peke yake, maana sheria za OHADA zinatumika moja kwa moja na kuzishinda sheria za taifa zinazopingana nazo. Wataalamu watakaokutana Arusha, makao makuu ya Jumuiya, kuoanisha sheria za makampuni watakuwa wakizungumza, watake wasitake, na Abidjan.

Kwa hiyo vijana wanaosoma sheria Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Lubumbashi nawaambia wazi: msisubiri kwenda Ulaya ili mkutane na sheria ya jirani. Vyuo vyetu viifundishe OHADA kama vinavyofundisha kesi za London, na vya Kongo vifundishe zetu. Fiqhi ya biashara ya pwani na mabaraza ya wafanyakazi ya miaka ya 1970 viingie katika somo hilo hilo, kwa kuwa ni majibu yetu wenyewe kwa swali ambalo kila sheria ya kampuni inalijibu. Mikutano ya Arusha itaamua nani abebe hasara katika kampuni za watu wa nchi nane. Uamuzi huo unawahitaji wanasheria wanaojua kwamba kuna njia zaidi ya moja ya kuugawa mzigo, na walio tayari kueleza ni kwa nini wanachagua mojawapo.