Andika Ulichokiona

Mtu aweza kulijua somo kwa moyo, na mikono yake isilijue bado. Mimi nalijifunza neno hili huko Bukavu, katika laboratwari ya shule moja ya ufundi.

Somo letu lilikuwa elektroniki ya tarakimu, ndiyo elimu ya mashini zinazohesabu kwa alama mbili tu: 0, umeme haupo, 1, umeme upo. Nami nalikwisha kukariri majedwali yote. Katika kalasi nalikuwa wa kwanza.

Siku ya kazi ya mikono, Mwalimu akatupa kila mmoja ubao wenye matundu, betri ya volti 9, taa ndogo nyekundu na rezistansi yake, vitufe viwili, na kipande cheusi chenye miguu 14, jina lake CD4011. Ndani yake mna milango minne iitwayo NAND. Sheria ya kila mlango ni moja: taa huzimika pale tu vitufe vyote viwili vinapobonyezwa, vinginevyo yawaka.

Nikafunga nyaya. Taa yangu ikawaka, ikazimika, ikachezacheza, wala sijagusa kitufe! Nikaona haya mbele ya wenzangu. Nikaufunika ubao kwa mkono, nikaandika katika daftari maneno ya kitabu: 1, 1, 1, 0.

Mwalimu akaja, akasoma, akauliza polepole:

«Mwanangu, haya umeyaona, ao umeyasoma?»

Nikanyamaza. Akasogeza kidole karibu na waya wangu, asiuguse, taa ikabadilika.

«Kitufe kikiachwa, mguu huu haukufungwa popote. Si 0, si 1. Wafuata hata umeme kidogo wa mkono wangu. Kitabu hakikusema uongo. Daftari lako ndilo lililosema.»

Akanipa rezistansi mbili za omu 10,000. Nikafunga kila mguu wa kuingilia na upande wa negatifu wa betri. Taa ikatulia, ikatii sheria yake. Nikaandika upya, na ile taa iliyochezacheza nikaiandika kwanza.

Leo natengeneza mashini za watu. Mara nyingi, mwenye mali akingoja mlangoni, natamani kusema «imepona» kabla sijapima. Ndipo nakumbuka kile kidole.

Ninyi vijana mnaosoma ufundi, msiione haya taa inayokataa. Mwenye kuificha huondoka na pointi zake, akaiacha elimu mezani.