Zilikotoka Sikuuliza

Niliuza sarafu za Kirumi huku nikijua kwamba maelezo niliyoandika chini ya picha zake hayakuwa na ushahidi wowote. Niliandika kuwa zimetoka katika mkusanyo wa zamani wa familia moja ya Ulaya. Familia yenyewe sikuijua, wala sikuwahi kuona hati. Maneno hayo niliyapata kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeniuzia mimi, nikayapeleka kwa wengine kama yalivyo. Hilo ndilo ninaloungama, na sitaki kulipunguza kwa kusema kwamba wengi hufanya hivyo.

Naishi Uingereza, na mapenzi yangu kwa sarafu hizi yalikuwa ya kweli. Hadi leo yapo. Asiyezijua hudhani kila kitu cha Roma ni ghali. Kumbe shaba ndogo za karne ya 4, za Konstantino na wanawe, zilipigwa kwa wingi mno, na leo moja hupatikana kwa pauni chache tu. Upande mmoja una kichwa cha mtawala. Upande wa pili askari wawili wamesimama na mikuki, katikati yao alama za jeshi. Zile za kuanzia 330 zina alama mbili; miaka michache baadaye ikabaki moja. Chini ya miguu ya askari kuna herufi za karakana: TR ni Trier, katika Ujerumani ya leo, SIS ni Siscia, ambao sasa ni Sisak nchini Kroatia, SMAL ni Aleksandria. Kuzisoma herufi hizo chini ya lenzi, ukajua kipande hiki kilipigwa katika mji gani, ni furaha ambayo sijaipata kwingine.

Ndiyo iliyonivuta nikaanza kununua ambazo hazijasafishwa. Huuzwa kwa mafungu, zimegandiwa na udongo, huoni sura wala herufi. Unaziloweka kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ambayo kwetu Afrika Mashariki huitwa maji ya betri, au kwenye mafuta ya zeituni, wiki hata miezi, kisha unachokonoa taratibu kwa kijiti na sindano, ukichunga usiguse kutu ya kijani inayolinda shaba. Kazi hiyo inataka subira, nami nilikuwa nayo.

Fungu lililotoa sarafu nilizouza lilikuja na udongo mbichi. Ndani yake kulikuwa na vimizizi vya majani, vyembamba, vingine vikiwa bado vyeupe. Sarafu iliyokaa kabatini kwa vizazi haiji na mizizi ya majani. Nililijua hilo pale pale, kabla sijajaza bakuli maji. Nikavisuuza, nikaendelea.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kuuliza nilikuwa najua. Niliogopa bandia. Nilijua kutazama ukingo kama una mstari wa kalibu, kutafuta vitundu vya hewa vinavyobaki shaba ikimiminwa, na kulinganisha sarafu mbili nione kama zina kovu lile lile mahali pale pale. Muuzaji nilimsumbua kwa maswali ya namna hiyo, akanijibu kwa uvumilivu. Uhalisi wa sarafu niliuhangaikia. Uhalali wake sikuugusa. Na haikuwa siri. Bidhaa nyingi za aina hii huchimbwa katika nchi za Balkani, Bulgaria ikiwa mojawapo, na watu wanaopita na mashine za kutafutia vyuma kwenye mabaki ya kambi na makaburi bila kibali chochote. Nilikuwa nimesoma hayo.

Ili muone kilichopotea, tazameni Frome, katika jimbo la Somerset. Mwaka 2010 mtu mwenye mashine kama hizo aliugonga mdomo wa chungu shambani. Aliacha kuchimba, akaita wataalamu. Wakatoa sarafu 52,503, tabaka baada ya tabaka, kila tabaka na mfuko wake. Wakagundua kwamba sarafu za mtawala Carausius, ambazo ni miongoni mwa zile mpya kuliko zote mle, nyingi zilikuwa chini sana ndani ya chungu. Chungu cha akiba kinachojazwa mwaka hadi mwaka hakiwezi kuwa hivyo. Ndiyo maana wapo wataalamu wanaoamini ilikuwa sadaka. Ujuzi wote huo umetokana na mpangilio, na mpangilio hauna bei mnadani. Fungu langu nalo huenda lilikuwa na mpangilio wake, na hakuna atakayeujua.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tungepaswa kulielewa hili mapema. Sarafu moja ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa ilipatikana Great Zimbabwe, na kwa kuwa mahali ilipotoka panajulikana, imekuwa ushahidi wa mawasiliano ya Kilwa na bara. Kuna nyingine, za Kirumi zikiwemo, zilizosemekana kupatikana mwaka 1912 huko Bur Gao, kusini mwa Somalia. Zingeweza kutueleza mengi kuhusu Azania, kama pwani hii ilivyoitwa kale. Lakini namna zilivyopatikana haikuandikwa vizuri, wanahistoria wamezitilia shaka, na hakuna hoja nzito inayoweza kuegemezwa juu yake. Mimi nilikuwa nalalamikia uzembe huo, na wakati huo huo nyumbani kwangu nilikuwa nasuuza vimizizi.

Habari iliyonizuia ilikuja mwaka 2023. Sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, yenye majambia mawili ya kumbukumbu ya mauaji hayo, ilikuwa imeuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4. Ikabainika kwamba historia ya umiliki wake ilighushiwa. Mkuu wa nyumba ya mnada akakamatwa New York, sarafu ikarudishwa Ugiriki, na baadaye yeye akakiri kosa. Kati ya historia ile ya kughushi na sentensi yangu, tofauti niliyoiona ni bei tu.

Nilizipeleka zilizobaki kwenye jumba la makumbusho. Mhifadhi alinisikiliza kwa heshima, akakataa kuzipokea: kitu kisicho na asili hawawezi kukichukua. Ziko kwangu, na kadi ya kila moja sasa inasema nilizinunua wapi, lini, na kwamba zilikochimbwa hakujulikani. Niliwaandikia pia walionunua kwangu, nikawaeleza ukweli na kuwaahidi kurudisha fedha. Wengine walikubali, wengine hawakujibu. Mmoja alinijibu kwamba yake alishaiuza zamani, kwa mtu wa nchi nyingine ambaye hana tena anwani yake. Alinibandikia tangazo alilotumia. Lilikuwa na picha zake mwenyewe. Maelezo ya asili yalikuwa yangu, neno kwa neno.