Mafuta ya Mimea ni Kijani? Niambie Kwanza Shamba Lilikuwa Nini

Wasee, tuongee kuhusu deni. Si lile la simu linalokatwa kabla hujaona pesa yako, ingawa hesabu inafanana. Hili linaitwa deni la kaboni. Mtu anafyeka msitu, anapanda mimea ya kutengeneza mafuta ya gari, halafu anakuja kwa simu yako kukwambia anaokoa tabianchi.

Stori wanayouza ni tamu, na nusu yake ni kweli. Mmea ukikua unafyonza kaboni dioksidi hewani. Ukamue mbegu, uchome yale mafuta kwa injini, kaboni inarudi hewani. Msimu ujao inafyonzwa tena. Imeingia, imetoka. Petroli haina huo mzunguko: kaboni yake ilikuwa imezikwa mamilioni ya miaka, sisi ndio tunaifukua.

Poa. Lakini kabla ya hiyo mimea, shamba lilikuwa nini? Hapo ndipo wanapitia haraka.

Chukua Dakatcha, msitu ulio ndani kidogo ukitoka Malindi, Kaunti ya Kilifi. Kuna miti ya mrihi, kuna Wagiriama na Wawatha wanaoishi huko, kuna ndege wa jamii ya kwera ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Kampuni moja ya Kiitaliano ilitaka kulima jatrofa huko, ule mbono kaburi, kwenye hekta 50,000. Soko lilikuwa Ulaya, kwa sababu sheria yao ya 2009 ilitaka asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwa vyanzo jadidifu kufikia 2020. Mwaka 2011 ActionAid, Nature Kenya na RSPB ya Uingereza wakatoa utafiti: ukihesabu kila kitu, pamoja na msitu unaofyekwa, hiyo jatrofa ingetoa gesijoto mara 2.5 hadi 6 kuliko mafuta ya kawaida.

Soma tena hiyo namba. Kijani, lakini mbaya kuliko dizeli.

Sababu si ngumu. Msitu ni akiba. Kaboni iko kwa shina, kwa mizizi, na nyingine nyingi iko kwa udongo ambao hakuna mtu hupiga picha. Ukifyeka na kulima, akiba inatoka kwa miaka michache tu. Mimea yako mipya inalipa kidogo kidogo, kila msimu. Joseph Fargione na wenzake walipiga hesabu hiyo kwenye jarida la Science mwaka 2008. Michikichi iliyopandwa kwenye ardhi ya mboji kule Indonesia na Malaysia ingechukua zaidi ya miaka 400 kulipa deni. Miaka 400! Hakuna mkopo wa simu unafika hapo.

Na usidhani kuacha msitu na kutumia shamba la mahindi kunamaliza shida. Watu bado watakula. Mahindi yatahamia kwingine, na huko kwingine mara nyingi ni msituni.

Sipingi kila kitu. Huko Makueni kuna kiwanda cha Eni kilichoanza 2022 kukamua mbegu kama za nyonyo, na mafuta yakasafirishwa hadi Gela, Italia. Mkulima akipanda nyonyo kwenye ardhi iliyochoka, isiyo na mti wala chakula, hesabu inaweza kutoka vizuri, hata udongo ukapata kitu. Mafuta yaliyokwisha kukaanga chipo nayo ni safi zaidi, hayahitaji ekari hata moja. Lakini "ardhi iliyochoka" ni neno la kuangalia vizuri. Mara nyingi ni malisho ya mbuzi wa mtu ambaye hakuulizwa.

Nasema haya kwa sababu nimetumiwa kazi, video ya sekunde 60 kuhusu mafuta fulani ya mimea, na kwenye maandishi waliyonipa kuna mstari "hayaongezi kaboni hata kidogo". Doo ni ya kodi ya miezi miwili. Niliacha chuo, sina mshahara wa kusubiri, kwa hivyo si mchezo. Nimewajibu swali moja: kabla ya kupanda, hapo palikuwa na nini, na nani alikuwa anapatumia? Wameona ujumbe tangu Jumanne. Tiki mbili za bluu.